SOMO: MAPUMZIKO NI HAKI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu akuongoze. Katika mji wetu wa Tanga na vijiji vya pwani hii, wengi wadhani kuwa mapumziko ni wakati unaosalia baada ya kazi kwisha. Na kwa kuwa kazi haishi, hawapumziki. Somo hili lataka kubainisha kuwa mapumziko ni haki, na haki hulipwa kwa wakati wake kama deni. Tena wanaoidai si nafsi yako tu, bali na watu wa nyumbani mwako.

ASILI YA HAKI HII

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) aliunga udugu baina ya Salman Al-Farsi na Abu Dardaa. Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamwona mkewe, Ummu Dardaa, hana mapambo wala nguo njema. Alipomwuliza sababu, akajibiwa kuwa Abu Dardaa hana haja na dunia. Akaletewa chakula, Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga, ale pamoja naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku wakaamka, wakaswali wote wawili. Kisha Salman akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Ampe kila mmoja haki yake. Mtume alipopashwa khabari, alimsadiki Salman.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, ikiwa ibada yenyewe haikuwa udhuru wa kuudhulumu mwili, basi duka na shamba haziwezi kuwa udhuru. Pili, Salman hakumkataza mwenzake kuswali usiku, alimpangia wakati. Tatu, hali ya Abu Dardaa ilijulikana kwa kumtazama mkewe. Taabu ya mtu asiyepumzika huonekana kwanza nyumbani kwake.

NYAKATI ZA KUPUMZIKA

Dini yetu haikuifanya Ijumaa kuwa siku ya kuacha kazi kutwa. Katika Sura ya Jumua tumeamrishwa kuacha biashara inapoadhiniwa, na swala ikiisha twaruhusiwa kutawanyika kutafuta riziki. Mapumziko yamegawanywa ndani ya kila siku. Sura ya Nur, aya ya 58, yataja nyakati tatu za faragha: kabla ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya isha. Usingizi wa mchana, uitwao kailula, ni desturi ya Mtume na sahaba zake. Tena Mtume alichukia mazungumzo baada ya isha. Basi akeshaye barazani, au akitazama simu mpaka usiku wa manane, asilaumu kazi kwa uchovu wa asubuhi.

Wazee wetu wa bahari waliyajua haya. Mvuvi wa Moa au Pangani hashindani na maji: huenda kwa bamvua na kwa maji mafu kama ilivyo ada yake, na kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa hupandishwa pwani, akakaa kushona nyavu. Hahesabu siku hizo kuwa zimepotea.

KAZI YA UJIRA

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Baadaye, wakati wa Waingereza, mfanya kazi wa mashamba hayo alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na ada ilikuwa kukimaliza ndani ya siku 42. Mshahara hakuupata mpaka kijae. Siku 12 zilizozidi zilikuwa nafasi yake ya kupumua, lakini kila alipopumzika ujira wake ulichelewa.

Kijana wa pikipiki ya abiria wa leo hana kipande, lakini hali yake yafanana: akilala mchana, hapati kitu. Atasema, "Nikipumzika, watoto watalala njaa." Neno hili ni kweli, wala halijibiwi kwa maneno matupu. Mwenye dhiki apumzike kwa kadiri awezavyo, japo nusu saa kivulini baada ya adhuhuri, kwani asinziaye njiani aweza kupoteza roho yake na ya abiria wake. Lawama kubwa ni juu ya mwenye mali. Mtume amekataza kumtwisha mtumishi kazi imshindayo. Na akitwishwa, bwana wake amsaidie. Mwenye pikipiki adaiye hesabu isiyopatikana ila kwa kukesha, na ajue kuwa anadai damu ya mtu.

ASIYE NA KIPANDE

Yuko mmoja ambaye siku zake hazijaandikwa katika kadi yoyote. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akateka maji, akakuna nazi, akaosha watoto, akapika. Na mumewe alalapo kailula, yeye yu jikoni. Huyu ndiye mwenye haki isiyodaiwa. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwatumikia ahali zake. Basi, ndugu, ukitaka kupumzika kwa sunna, pokea ndoo au mtoto mpaka mkeo naye alale. Ikiwa mapumziko yako yamejengwa juu ya uchovu wake, umelipa deni moja kwa kukopa jingine.

MASWALI

1. Ni haki zipi tatu alizozitaja Salman?
2. Taja nyakati tatu za faragha katika Sura ya Nur.
3. Nyumbani kwako, ni nani alalaye wa mwisho na kuamka wa kwanza? Utampunguzia nini kesho?

Wabillahi taufiki.