Noeli inakaribia, usingizi umenikimbia

Mama mshauri, Noeli inakaribia na mimi silali tena. Mashemeji wanateremka kutoka Bukavu na watoto wao, mama mkwe amekwisha fika. Kila jioni kuna mazoezi ya kwaya, Jumamosi tunasafisha kanisa. Watoto wangu wote na wa shemeji nimewanunulia kitenge cha namna moja, fundi bado hajamaliza kushona. Mchele ninao, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Tarehe 23 wamama wetu wa AVEC, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopa, wanagawana akiba ya mwaka, na sanduku ninalitunza mimi. Siku hizi funguo nazivaa shingoni hata nikilala. Nafunga, naomba usiku jikoni kwa sauti ya chini ili baba watoto asiamke, lakini amani ya moyo siipati. Niombe namna gani? Au nimwendee mchungaji aniombee?
Mama wa watoto sita, Katogota

Dada yangu. Barua yako ilikuwa ya kurasa nne, unisamehe kwa kuikata. Yale ya kawaida tuyamalize haraka: mashemeji wakifika wachote maji, mama mkwe achambue mchele, nawe ulale mapema. Hayo unayajua. Hukukaa kuandika kurasa nne ili mimi nikuambie ulale.

Niliposoma mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nikakwama kwenye neno moja: funguo. Hukuandika ufunguo. Umeandika funguo, tena unazivaa.

Kila mama aliyewahi kukaa kwenye AVEC, kuanzia Kamanyola mpaka Uvira, anajua sanduku lile lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wamama watatu, kila mmoja na wake, na sanduku linalala kwa mama wa nne, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Vikundi hivi vilianza kwa wamama wa vijijini Niger mwaka 1991, wakiwa mbali na benki kama nyinyi, na hivyo ndivyo mnavyofundishwa hata leo. Sanduku halifunguki mpaka wote mmekaa, kila jicho linaona, hesabu inasomwa kwa sauti. Basi niambie, dada: sanduku liko nyumbani mwako na funguo ziko shingoni mwako. Zilifikaje huko?

Labda wenzako walikuachia tu, mmoja akaenda shambani, mwingine akavuka Ruzizi kwenda kuuza upande wa Burundi, wakaona wewe ni mtu wa kanisa. Kama ni hivyo, na fedha yote ipo, nimekukosea na ninakuomba msamaha mbele ya wasomaji wote. Rudisha funguo leo, utalala.

Ila sidhani. Kwenye ukurasa wa pili, ambao sikuuchapa, umesema mihogo imeoza mwaka huu na baba watoto hana kazi tangu Septemba. Baada ya mistari michache naona kitenge cha watoto wa nyumba mbili, mchele wa kulisha mashemeji, mbuzi nyuma ya nyumba. Umeniandikia kila kitu kilichoingia nyumbani mwako, hukuandika hata mahali pamoja kilitoka wapi. Na baba watoto haulizi? Au ameuliza, nawe ukajibu kitu ambacho sasa kinakufanya uombe kwa sauti ya chini?

Mama yangu aliuza ndagala kwenye bandari ya Kalundu miaka mingi. Alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo moja la fedha yake, kopo jingine la fedha ya wavuvi waliompa samaki kwa mkopo. Siku moja mteja alileta noti kubwa, chenji ikakosekana kwenye kopo letu. Mimi mtoto nikapeleka mkono kwenye lile jingine, nichukue kidogo tu, tungerudisha kabla ya jioni. Alinichapa mkono huo mpaka ukawaka. Kisha akamfungia mteja ndagala zake akamwambia nenda, utalipa kesho. Yule mteja hakurudi. Siku hiyo tulikula bugali na sombe bila samaki, sisi wauza samaki, na mama alikula akiwa ametulia kabisa. Nilikasirika wakati ule. Sasa nina umri aliokuwa nao yeye, na sijaona utulivu kama ule kwa mtu aliyechanganya makopo.

Kwa hiyo nitakugombeza. Fedha ya watu haina kidogo, wala haina nitarudisha. Ulipoishika kwa ajili ya kitenge, hukuichukua kwa AVEC; AVEC haina tumbo. Uliichukua kwa mama anayetaka kulipa shule Januari, kwa mjane aliyenunua hisa moja moja mwaka mzima huku wenzake wakinunua tatu. Na unajua uko kijiji gani. Katogota imezika watu wake waliouawa tarehe 14 Mei 2000, imekimbia ikarudi, imeibiwa. Watu wa mahali kama hapo wakikubali fedha yao ilale nyumbani kwa jirani, wamekupa kitu ambacho vita havikuwaachia kingi. Kwa sababu hiyo ninakusemesha kwa ukali, na siyo kwa sababu nakuona mwovu. Mwovu halali akiwa amevaa funguo. Anazitupa mtoni, anakwenda kuimba kwaya.

Umeuliza uombe namna gani. Kwa sasa, dada, pumzika kuomba amani. Omba ujasiri. Amani unayoitaka Mungu hawezi kukupa jikoni peke yako, maana nusu yake iko nyumbani kwa wamama wenzako. Fungua Matayo sura ya 5, pale Bwana anapomwambia mwenye sadaka aiache madhabahuni kwanza, aende kwa ndugu yake. Kisha usome habari za Zakayo, Luka 19. Siku aliyompokea Yesu hakuomba aombewe. Alisimama mbele ya watu akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Wokovu wa nyumba ile ulikuja na tarakimu.

Wewe pia anza na tarakimu. Leo usiku mwamshe baba watoto. Usimngoje aamke mwenyewe. Mwambieni mama mkwe kwamba mwaka huu hakuna mbuzi. Mbuzi anakwenda sokoni Luvungi kesho, pamoja na mchele ambao hamjaufungua. Nenda kwa fundi ukachukue kitenge ambacho hajakikata, mwenye duka akikipokea kwa hasara, kubali hasara. Mashemeji watakula sombe. Kama walikuja kumwona kaka yao, watamwona.

Halafu, kabla ya tarehe 23, nenda kwa mwenyekiti wenu na wale watatu wanaopaswa kushika funguo. Usiende kwa mchungaji kwanza. Akikutangulia yeye, utajificha nyuma ya koti lake. Nenda na baba watoto, mbebe sanduku, mhesabu pamoja, useme kilichopungua ni ngapi na umekwisha rudisha ngapi. Kinachobaki kiandikwe kwenye daftari kuwa mkopo wako, na riba yake kama ya wengine. Watakusema. Mmoja atapiga kelele mpaka barabarani, na pengine hutashika sanduku tena. Usijitetee kwa maisha magumu, maana na wao wanaishi hayohayo. Wala usiwaache wale watatu wapite bila swali: aliyetoa ufunguo wake naye ana la kujibu.

Hili la mashemeji kusema nini, umelirudia mara tano katika barua. Sikuona mahali ulipouliza wamama wa AVEC watasema nini. Wao ndio utakaokutana nao kisimani Januari, mashemeji wakiwa wamerudi Bukavu.

Kwaya waambie hutafika mazoezini wiki hii, una safari ya sokoni. Na hizo funguo, dada, zivue sasa hivi, kabla hujakunja gazeti. Ziweke mezani, mahali baba watoto atakapoziona.