Somo: Namna ya Kupima Hoja

Katika kijiji kimoja mtoto alishikwa na homa, na siku ya tatu akafa. Wakati wa kilio mtu mmoja alikumbuka ya kuwa bibi mzee, jirani yao, alimgombeza mtoto yule penye kisima. Maneno yakazunguka. Kabla jua halijachwa wanaume walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya mkubwa wa kijiji, wakasema: “Bibi alimgombeza mtoto. Kisha mtoto alikufa. Basi bibi ndiye aliyemwua, na afukuzwe.”

Huu ni mfano tu, lakini mambo ya namna hii yameonekana katika vijiji vingi. Maneno kama hayo huitwa hoja. Mwenye kusikia hoja ana kazi ya kuipima kabla ya kuikubali, kama mwenye kununua nguo anavyoinyosha mbele ya jua ili aone kama ina tundu.

1. Sehemu za hoja

Hoja ni kama nyumba. Nguzo zake ni mambo yanayotolewa kuwa ushahidi. Paa lake ni neno la mwisho, ambalo mara nyingi hufuata “basi” au “kwa hiyo”. Lakini nguzo na paa hufungwa kwa kamba, na kamba hiyo ni neno lisilosemwa, ambalo msemaji anadhani watu wote wamekwisha kulikubali. Nguzo zaweza kuwa imara, lakini kamba ikioza, paa huanguka.

Bibi alimgombeza mtoto: ni kweli. Mtoto amekufa: ni kweli, na mama yake analia. Neno lisilosemwa ni hili: jambo likitangulia jingine, lile la kwanza ndilo lililoleta la pili. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, wala si jogoo aletaye jua.

2. Mtihani wa kupima hoja

Katika nchi ya Marekani, wanaotaka kusomea sheria hufanya mtihani uitwao LSAT, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Baadhi ya maulizo yake humpa mwanafunzi hoja fupi, kisha majibu matano, naye huulizwa: “Jibu lipi, likiwa kweli, linaidhoofisha hoja hii zaidi?” Haulizwi kama jibu ni kweli, alichukue kuwa kweli, atazame tu linavyoigusa kamba ya hoja. Tena halazimishwi kuibomoa hoja yote. Yatosha kuonyesha mahali ilipo dhaifu.

Ulizo la namna hiyo laweza kuwa hivi:

“Watu wakaao kando ya matope hushikwa na homa kuliko wakaao mlimani. Hewa ya matope hunuka. Basi hewa hiyo ndiyo iletayo homa.”

A. Mwenye kusema hoja hii hakusoma shuleni.
B. Homa humfanya mgonjwa kutetemeka kwa baridi.
C. Watu wa mlimani nao hushikwa na homa mara chache.
D. Harufu ya matope huwachukiza hata wageni.
E. Watu waliolala kando ya matope miezi mingi, wakivuta hewa ile ile, lakini mbu wasiweze kuwafikia, hawakushikwa na homa.

Jibu A linamshambulia msemaji, wala halimgusi neno lake. Asiyesoma aweza kusema kweli, na msomi aweza kukosa. B na D hayahusiani na chanzo cha homa. C halipingani na hoja, maana hoja haikusema kwamba watu wa mlimani hawaugui kamwe. Jibu ni E. Hewa ilikuwapo, na homa haikuja.

3. Jambo lililotendeka kweli

Hoja ile ya hewa si ya kutungwa. Watu wa Ulaya waliiamini muda mrefu sana, hata jina “malaria” limetoka katika maneno ya Kiitalia yenye maana ya “hewa mbaya”. Wala hawakuwa wajinga. Ushahidi wao ulikuwa kweli: penye matope palikuwa na homa, na mara nyingi matope yakikaushwa homa ilipungua. Hawakujua tu ya kuwa katika maji yaliyotuama huzaliwa mbu.

Mwaka 1880, katika Aljeria, mganga Mfaransa Alphonse Laveran aliona kijidudu cha homa katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897, katika Uhindi, mganga Mwingereza Ronald Ross alikiona ndani ya tumbo la mbu. Wengi walikuwa na mashaka bado. Ndipo mwaka 1900 mganga Patrick Manson alipopanga jaribio. Waganga Sambon na Low, pamoja na wenzao, walikaa majira ya homa katika nyumba yenye nyavu madirishani, karibu na mji wa Roma, mahali palipojulikana sana kwa homa. Kila siku waliingia ndani kabla ya giza. Hewa ya usiku ilipita katika nyavu, mbu hawakupita. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Mwaka ule ule mbu wenye kijidudu walipelekwa London kutoka Roma, wakamwuma mwana wa Manson, naye akashikwa na homa, mbali kabisa na matope yale.

4. Maulizo matatu ya mpima hoja

La kwanza: Je, kiko chanzo kingine kiwezacho kuleta jambo hili?
La pili: Je, chanzo kinachotajwa kilikuwapo mahali pengine, na jambo lisitokee?
La tatu: Je, jambo lilitokea mahali ambapo chanzo hicho hakikuwapo?

Mkubwa wa kijiji akawauliza wale wanaume hayo matatu. “Masika haya, ni homa tu iliyomshika mtoto huyu?” Walijibu: “Ndiyo, Mzee, homa.” “Bibi amewagombeza watoto wangapi penye kisima?” Wakatazamana, hakuna mtoto wa kijiji ambaye hakugombezwa naye, nao wazima. “Na mtoto wa ng'ambo ya mto, aliyekufa mwezi uliopita, alimjua bibi huyu?” Wakanyamaza.

Bibi alilala nyumbani mwake. Lakini mkubwa hakuishia hapo. Aliagiza madimbwi ya karibu na nyumba yafukiwe, watoto walale ndani ya chandalua, na mwenye homa apelekwe kwa mganga siku ile ile. Maana watu wakimfukuza bibi, mbu hubaki, na usiku humwendea mtoto wa pili.

Maulizo

U. Hoja ikionekana dhaifu, je, neno lake la mwisho ni uongo?
J. Si lazima. Ni kwamba halijathibitika. Ushahidi mwingine utafutwe.

U. Kwa nini si vema kumshambulia msemaji?
J. Kwa sababu ubaya au wema wake haubadili nguvu ya hoja yake.

U. Ni hoja zipi zipimwe kwanza?
J. Zile ambazo, zikikubaliwa bure, mtu asiye na kosa ataumia.