Michezo ya Video katika Kompyuta ya Linux: Uliza Kabla ya Kulipa

Tuchukue mfano wa mzazi wa Kimuli, wilayani Kyerwa. Malipo ya kahawa yamemfikia, naye anasafiri kwenda Kayanga kumnunulia kijana wake kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Kijana anaihitaji kwa masomo, lakini pia anatamani kucheza michezo ya video, au gemu kama vijana waitavyo. Muuzaji anamwambia mzazi: "Hii ina Linux, haiingii virusi, na gemu zote inacheza."

Muuzaji huyo ametoa madai matatu. La kwanza huweza kuwa kweli. La pili limetiwa chumvi, kwa kuwa hakuna kompyuta isiyoweza kudhurika. La tatu si kweli. Fedha ya msimu mzima ikishatoka mfukoni, kuirudisha ni kazi ngumu. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili ili mzazi na kijana wajue la kuuliza wangali dukani.

Linux ni nini?

Linux ni msingi wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Ilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuirekebisha bila kulipia leseni. Mojawapo ya matoleo yake yanayojulikana zaidi ni Ubuntu, lililotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Maana ya jina hilo ni utu, na msomaji wa Karagwe hahitaji kufasiriwa.

Sababu ya wauzaji wengi kuweka Linux katika kompyuta za zamani inaeleweka. Microsoft ilikoma kutoa huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux huzipa kompyuta hizo maisha mapya kihalali. Ni chaguo jema, mradi mnunuzi aelezwe ukweli wote.

Anza na mashine, kisha mchezo

Michezo mingi ya kulipia hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Tangu Agosti 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, imekuwa ikitoa zana iitwayo Proton, ambayo huwezesha maelfu ya michezo hiyo kufanya kazi ndani ya Linux. Hata hivyo, Proton hutegemea teknolojia ya michoro iitwayo Vulkan, na hapo ndipo kompyuta kuukuu hukwama.

Soma jina la kichakataji. Kikiandikwa Intel Core i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 4, huonyesha kizazi cha nne. Kikiandikwa i5-6300U, ni kizazi cha sita. I5-10210U ni cha kumi. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha nne na vilivyotangulia havina uwezo kamili wa Vulkan. Kompyuta ya aina hiyo itafaa kuandika, kusoma na kuangalia filamu, lakini michezo mingi ya kisasa haitafunguka, isipokuwa iwe na kadi ya picha ya ziada inayokidhi mahitaji hayo.

Mwombe muuzaji akuwashie kompyuta mbele yako. Linux ina faida hapa: inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Kagua betri, sauti, intaneti isiyo na waya na ukubwa wa diski kabla ya kutoa fedha.

Mchezo huu, je, unacheza?

Usiulize kama "gemu zinacheza." Taja mchezo mmoja mmoja kwa jina lake. Michezo tunaweza kuigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni michezo iliyotengenezwa kwa Linux yenyewe. Dota 2 na Counter-Strike 2 zimo humo, na zote mbili huanza kuchezwa bila malipo.

Kundi la pili ni michezo ya Windows inayopitia Proton. Tovuti ya ProtonDB hukusanya taarifa za wachezaji na kuupa kila mchezo daraja kwa majina ya madini: platini, dhahabu, fedha na shaba, na daraja la chini kabisa ni la mchezo usiofunguka. Platini na dhahabu hutia moyo. Kwa shaba, tunashauri usubiri.

Kundi la tatu ni michezo inayokataa Linux kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu wa wachezaji. Fortnite na Valorant ni mifano. Wapenzi wa kandanda wazingatie hasa kwamba EA Sports FC 25 hutumia kinga ya aina hiyo isiyokubali Linux. Kijana akinunua mchezo huo kwa kompyuta yake ya Linux, atakuwa amenunua jina tu.

Tena, mchezo unaocheza leo waweza kukoma kesho. Mwezi Septemba 2024 sehemu ya mtandaoni ya Grand Theft Auto V iliongezewa kinga mpya, na watumiaji wa Linux wakafungiwa nje. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, Apex Legends nayo iliacha kuwapokea. Mchezo wa kuchezwa peke yako, usiohitaji intaneti, una hatari ndogo zaidi ya kukupotea namna hiyo.

Hesabu gharama yote

Bei inayoonekana dukani ni sehemu tu ya gharama. Mchezo mkubwa waweza kuhitaji GB 40 au zaidi za kupakua. Gawanya ukubwa huo kwa GB za kifurushi unachonunua, kisha zidisha kwa bei ya kifurushi. Mtu anayenunua vifurushi vya GB 5 atahitaji vinane kwa mchezo mmoja. Kwa kasi ya MB 1 kwa sekunde, upakuaji huo huchukua saa 11 hivi. Umeme ukikatika, Steam huweza kuendelea pale ilipoishia, lakini kifurushi chenye muda maalumu hakingoji umeme urudi. Kumbuka pia kwamba mchezo huongezewa masasisho, nayo hutumia data.

Unaponunua

Ukilipia mchezo katika Steam, unapata leseni ya kuutumia, wala huwi mwenye mali. Ukipoteza akaunti, unapoteza na michezo iliyomo. Linda nywila yako, na usiazime akaunti.

Steam hukubali maombi ya kurudishiwa fedha yakitolewa ndani ya siku 14 tangu kununua, iwapo mchezo umechezwa kwa muda usiofikia saa 2. Kutofunguka katika kompyuta yako ni sababu inayokubalika. Kwa hiyo ujaribu mchezo mapema. Usiununue leo ukauweka hadi likizo. Kama ulilipa kwa kadi pepe ya simu ambayo umeshaifunga, chagua fedha zirudi kwenye pochi ya Steam. Duka la GOG huuza michezo ambayo faili zake unaweza kuzihifadhi mwenyewe, nalo hutoa siku 30 za kuomba marejesho.

Jihadhari na wauzaji wa namba za siri za michezo katika makundi ya WhatsApp. Namba iliyopatikana kwa njia isiyo halali huweza kufutwa baadaye, na aliyekuuzia hapatikani. Vilevile, michezo iliyovunjwa ulinzi na kusambazwa kwa flashi ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mara nyingi hubeba programu za kuiba taarifa. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya pesa zako za simu.

Michezo isiyohitaji fedha

Kijana wa Kimuli hana haja ya kukaa bure hadi msimu ujao wa kahawa. SuperTuxKart ni mashindano ya magari, OpenTTD ni ya kujenga njia za usafirishaji, 0 A.D. ni ya falme za kale, ukiwamo ufalme wa Kushi. Yote ni huru, halali, na hayana malipo. Yakishapakuliwa mara moja, yanaweza kunakiliwa kwa jirani bila kuvunja sheria. Kwa wadogo, GCompris hufundisha hesabu na herufi kwa njia ya mchezo.

Ukidanganywa

Dai risiti, na umwombe muuzaji aandike ndani yake aina ya kichakataji na ahadi aliyotoa. Mambo yakienda kombo, rudi kwake kwanza. Asiposikia, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa vifurushi vya intaneti, anza na kampuni ya simu, kisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Namba za simu za matapeli ziripotiwe kupitia 15040.

Maswali ya kujipima

1. Kichakataji i5-3320M ni cha kizazi gani, nacho kina upungufu gani?
2. Kwa nini mchezo wa peke yako ni salama zaidi kununua kuliko wa mtandaoni?
3. Umenunua mchezo siku 10 zilizopita na umeucheza dakika 40. Je, bado unaweza kuomba fedha zako katika Steam?

Anayeweza kuyajibu maswali haya yuko tayari kwenda dukani. Asiyeweza, arudie somo, muuzaji atamngoja.