Vikwamizo na Sauti za Kimeo: Mwongozo wa Matamshi kwa Watoa Huduma wa Mpakani Tunduma

Walengwa

Mwongozo huu ni wa watu wanaoita na kusikiliza majina kutwa nzima: karani wa wakala wa forodha, mhudumu wa afya anayepokea wasafiri, mpokea wageni wa gesti, mbadilishaji fedha, mlinzi wa yadi ya malori na dereva wa bodaboda. Kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa rasmi mwaka 2019, na sasa maofisa wa Tanzania na Zambia wanahudumia msafiri mahali pamoja. Katika foleni moja husimama Mbemba, Mshona, Mkongo, Msomali na dereva aliyetoka Afrika Kusini. Kila mmoja ana jina lake, na kila jina lina sauti ambayo huenda haimo katika lugha ya anayeliita.

Kanuni kuu ni moja: usiiamini herufi, tafuta upenyo. Herufi ni makubaliano ya waandishi wa lugha fulani. Sauti hutengenezwa na pumzi, na kwa sauti za mwongozo huu pumzi hupita njia moja, kutoka mapafuni hadi midomoni.

1. Kikwamizo ni nini

Hewa ikizibwa kabisa kisha ikaachiwa ghafla, tunapata kipasuo, kama *p, t, k*. Ikiachiwa upenyo mwembamba, hujipenyeza kwa msuguano na kutoa mvumo. Hicho ndicho kikwamizo, kama *f, s, sh*. Ikizibwa kwanza kisha ikatolewa kupitia upenyo huo mwembamba, tunapata kipasuo-kwamizo, kama *ch*.

Mfano uko hapa hapa mpakani. Sisi tunasema *Kinyiha*, wenyewe wa Mbozi husema *Ishinyiha*. Tunasema *Kibemba*, wenyewe husema *Icibemba*, ambapo *c* husomwa *ch*. Kiambishi ni ndugu mmoja, ila kila lugha imekipa pumzi yake: *k* inaziba, *sh* inakwamiza, *ch* inafanya yote mawili.

Hata ndani ya Kiswahili vipasuo hugeuka vikwamizo kila siku. Anayepika ni mpishi, anayelinda ni mlinzi, anayefuata ni mfuasi, anayegomba ni mgomvi. Zamani irabu *i* ya mwisho wa maneno haya ilitamkwa juu sana, ulimi ukikaribia kaakaa. Upenyo ukabanwa, na konsonanti iliyotangulia ikapoteza mpasuko wake na kuanza kuvuma.

2. Majaribio matatu

Kabla ya kuiga sauti ngeni, ichunguze kwa njia hizi.

*(a) Muda.* Jaribu kuirefusha. *Sss* inaendelea hadi pumzi iishe, lakini *t* hairefuki. Sauti ya mvumo inayorefuka namna hiyo ni kikwamizo.

*(b) Kidole kooni.* Weka kidole kwenye koo na useme *fff*, kisha *vvv*. Kwenye *v* utasikia mtetemo wa nyuzi sauti: hiyo ni sauti ghuna. Kwenye *f* hakuna mtetemo: hiyo ni sighuna. Tofauti hiyo peke yake ndiyo inayotenganisha *fua* na *vua*, *faa* na *vaa*.

*(c) Baridi.* Weka mdomo kana kwamba unatamka sauti husika, kisha vuta hewa ndani badala ya kuitoa. Pale unaposikia ubaridi ndipo ulipo upenyo. Kwa *f* ubaridi uko mdomo wa chini na meno, kwa *s* uko kwenye ufizi, kwa *gh* uko nyuma kabisa. Asubuhi ya Juni hapa Tunduma jaribio hili halihitaji maelezo zaidi.

3. Safari ya upenyo, kutoka midomoni hadi kooni

*Midomo miwili.* *B* ya Kibemba, isipotanguliwa na *m*, hutamkwa midomo ikikaribiana bila kufungana, kama mtu anayepuliza mshumaa taratibu huku akiunguruma. Ikitanguliwa na *m*, hufungana kama *b* yetu. Neno *ukubomba*, kufanya kazi, lina *b* zote mbili: ya kwanza laini, ya pili ya kufunga. Jambo hili lina uzito kwa sababu *ba* ndiyo heshima ya Kibemba mbele ya jina: Ba Mwila, Ba Bwalya.

*Mdomo wa chini na meno.* *F* na *v*. *V* na *z* hazimo katika maneno ya asili ya Kibemba, hivyo mgeni anaweza kuzipeleka kwenye *f* na *s*. Usimsahihishe, sikiliza neno zima.

*Ncha ya ulimi na meno.* *Th* na *dh*. Hapa sisi wenyewe ndio wenye deni. Wengi tunasema *selasini* na *zahabu*. Kwenye kazi za forodha kosa hilo si la mapambo: *thamani* ya mzigo ikitamkwa *samani*, anayesikiliza ataandika vitanda na makabati. *Dhana* nayo hugeuka *zana*. Ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya juu na hewa ipite juu yake.

*Ufizi.* *S* na *z*. Kishona kina *sv* na *zv*, ambazo ni *s* na *z* zinazotamkwa midomo ikiwa imebanwa kama ya mtu anayepiga mluzi. Sisi na Wabemba tunasema *fika*. Mshona husema *svika*. Dereva wa Zimbabwe anayesema *zvakanaka* anakuambia mambo ni mazuri.

*Pembeni mwa ulimi.* *Hl* ya Kizulu, kama katika *hlala*, kukaa. Weka ulimi mahali pa *l*, zima mtetemo wa koo, kisha puliza hewa ipite ubavuni mwa ulimi. Usiseme *h* halafu *l*. Ni sauti moja.

*Nyuma ya ufizi.* *Sh*. Jirani yake ni *x* ya Kichina, kama katika *xiexie*, asante. Ncha ya ulimi hushuka nyuma ya meno ya chini, na bapa la ulimi hupanda kuelekea kaakaa gumu.

*Kaakaa laini.* *Gh* ya *ghala, ghali, gharama* na *kh* ya *Khamisi*. Anza na *k*, kisha iachie polepole hadi ivume: hiyo ni *kh*. Ongeza mtetemo wa koo, upate *gh*. *H* ya Kichina katika *ni hao* hutokea maeneo hayo hayo. Wazee waliofanya kazi na Wachina wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, waliisikia sana.

*Koromeo.* *H* nzito ya Kiarabu, ambayo Wasomali huiandika *x*. Shina la ulimi hurudi nyuma na kubana koromeo, kama mtu anayehema kwenye kioo ili akifute.

*Nyuzi sauti.* *H* ya kawaida ya *habari*.

4. Sauti za kimeo

Kati ya kaakaa laini na koromeo kuna kinyama kinachoning'inia. Kamusi hukiita *kimio* au *kilimi*. Mitaani ni *kimeo*. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo na useme *aaa*, utakiona. Kiswahili hakina sauti ya kimeo, ila kila koo linaweza kuitoa: anayekoroma usingizini anakitikisa, na anayesukutua koo kwa maji ya chumvi anakitikisa pia.

*Kipasuo cha kimeo, q.* Sema *kiki, kaka, kuku* taratibu. Utasikia *k* ikirudi nyuma hatua kwa hatua, kwa kuwa kila irabu inauvuta ulimi. Ongeza hatua moja zaidi nyuma, mdomo ukiwa wazi, na shina la ulimi liguse kimeo. Hiyo ndiyo *q* ya Kiarabu na ya Kisomali. Maneno yenye sauti hiyo yalipoingia katika Kiswahili tuliipeleka mbele ikawa *k*: *qalam* ikawa kalamu, *qahwa* ikawa kahawa, *waqt* ikawa wakati.

*Kikwamizo cha kimeo.* Ulimi ukiwa mahali pa *q*, legeza kidogo ili hewa ipite na kukwaruza. Bila mtetemo wa koo ni kama *kh* iliyorudi nyuma. Penye mtetemo ni *r* ya Mfaransa wa Paris, kama katika *merci* na *bonjour*. Waarabu wengi nao hutamkia *kh* na *gh* zao eneo hilo. Sisi tulizipokea kwa njia mbili: *gh* tuliitunza katika *lugha* na *shughuli*, lakini *kh* mara nyingi tuliilegeza ikawa *h*. *Khabar* ikawa habari, *khatar* ikawa hatari.

*Kimadende cha kimeo.* Sukutua kwa maji, punguza maji, kisha sukutua bila maji. Kimeo kitapigapiga chenyewe. Baadhi ya watu hutamka *r* ya Kifaransa au ya Kijerumani hivyo.

Usidhani kila Mkongo ana *r* ya Paris. Dereva wa Lubumbashi anayezungumza Kiswahili cha Katanga huenda akatumia ncha ya ulimi kama wewe.

5. Herufi zinazopotosha

- *G* ya Kiafrikana na ya Kitswana husomwa kama *kh* ya nyuma. *Gauteng*, mkoa ambao namba za magari yake huishia na GP, na *Gaborone*, mji mkuu wa Botswana, kwa matamshi ya wenyewe huanza na mkwaruzo, si *g* ya *gari*.
- *X* ya Kisomali ni *h* ya koromeo: *Xasan* ni Hasan.
- *C* ya Kisomali ni sauti ya koo inayotajwa kwa Kiarabu *ain*: *Cali* ni Ali, *Cabdi* ni Abdi. Tahajia hii ya Kilatini ilianza kutumika rasmi mwaka 1972.
- *C* ya Kibemba ni *ch*.
- *X* ya Kichina iko karibu na *sh*.

6. Utaratibu dirishani

1. Kabla ya kuliita jina usilolijua, mwombe mwenyewe alitamke: "Karibu baba. Samahani, jina lako mwenyewe unalitamkaje?"

2. Lirudie mara moja na umtazame. Akitikisa kichwa kukubali, endelea. Akirudia, sikiliza upenyo uko wapi.

3. Tahajia ibaki kama ilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kutamka vizuri hakukupi ruhusa ya kuandika upya: *Xasan* asigeuzwe Hassan kwenye fomu, maana kesho nyaraka zake hazitalingana. Sauti unaipokea kwa mwenye jina. Herufi unazipokea kwenye hati.

4. Kwenye simu, tumia neno la kutambulisha herufi: *f* ya Fatuma, *s* ya Songwe. Mvumo wa *s* uko juu ya masafa ya hezi 4,000, ilhali simu ya kawaida imezoea kupitisha masafa yasiyozidi hezi 3,400 hivi. Ndiyo maana *f* na *s* hufanana simuni hata kwa mtu mwenye masikio mazima.

5. Penye injini za malori zinazounguruma, sogea karibu kabla ya kupaza sauti. Ukipiga kelele, irabu ndizo zinazokua. Mvumo wa kikwamizo hauongezeki sana.

7. Zoezi la dakika kumi

Dakika mbili: *fua–vua, faa–vaa*, kidole kikiwa kooni. Dakika mbili: *thamani–samani, dhana–zana*. Dakika mbili: *ghala, ghali, gharama, shughuli*, bila kupasua *g*. Dakika mbili: *kiki, kaka, kuku,* kisha *q*. Dakika mbili za mwisho, chagua jina moja lililokushinda jana na ulirudie taratibu.

8. Tahadhari

Sauti za nyuma hazihitaji nguvu. Koo likikereketa umebana kupita kiasi: acha, kunywa maji, anza upya ukilegeza ulimi. Kikwamizo hutokana na wembamba wa njia. Ukiongeza nguvu pekee unapata kikohozi.

Kimeo kisilaumiwe. Kukikatisha kwa mtu wa mitaani kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi, na hakumsaidii mtu kutamka. Mwenye maumivu ya koo au ugumu wa kumeza aende kituo cha afya.

Mwisho, kumbuka kuwa mgeni naye ana kazi. Mwaka 2019, uleule wa uzinduzi wa kituo cha Tunduma na Nakonde, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mbemba anayejifunza kusema *dhamana* na Mtswana anayejifunza kwamba *g* ya *gari* haikwaruzi wanatafuta upenyo kama wewe. Mtamkie taratibu, mara mbili, kama unavyotaka akutamkie jina lake.