Ongeza Vijiji Kabla ya Kuongeza Watu

Ukitaka kujua kama matibabu bora ya magonjwa ya zinaa yanapunguza maambukizi ya VVU, huwezi kuwagawa wagonjwa kwa kura mmoja mmoja. Mganga akishafundishwa, kila anayeingia zahanati yake anafaidika, na hata mwenza ambaye hakutibiwa anakingika. Ndiyo maana jaribio la Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, liligawa kwa kura jamii 12 nzima. Zilipangwa jozi 6 za jamii zinazokaribiana kwa hali. Katika kila jozi moja ikapata huduma mpya, nyingine ikabaki na ya kawaida. Kila jamii ilitoa watu wazima wapatao 1,000 wa kufuatiliwa kwa miaka 2. Maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 penye huduma mpya, asilimia 1.9 kwingineko.

Wapangaji wengi wa majaribio ya aina hii hukwama kwenye ukubwa wa sampuli. Watu wa kijiji kimoja wanafanana: kisima kimoja, mganga mmoja, mbu wale wale. Ukishawapima arobaini, wa hamsini haongezi jipya kubwa. Kufanana huko kuna namba yake, kwa kawaida kati ya 0 na 1. Chukua idadi ya watu utakaowapima kila kijiji, toa 1, zidisha kwa namba hiyo, kisha ongeza 1. Utakachopata ndicho kizidishi cha sampuli.

Tuseme kwa kura ya mtu mmoja mmoja ungehitaji watu 400, na kufanana ni 0.05. Ukipima watu 50 kila kijiji, kizidishi ni 3.45: watu 1,380, vijiji 28. Ukipima 200 kila kijiji, watu wanafika 4,380, na vijiji unavyookoa ni 6 tu. Vijiji 20 havitatosha kamwe, hata upime kila kaya, kwa sababu kwa kufanana huko kijiji kimoja hakifikishi uzito wa watu 20 walio mbalimbali. Kwa hiyo bajeti ikipungua, punguza watu wa kila kijiji, vijiji usiviguse.

Namba ya kufanana itafute kwenye tafiti za awali zilizopima jambo lile lile mahali panapofanana na pako. Jaribio dogo la vijiji 3 haliwezi kukupa namba ya kutegemewa. Piga hesabu pia kwa namba kubwa kuliko unayoitarajia, uone kama mpango bado unasimama. Na kijiji kimoja kushindanishwa na kimoja si jaribio kabisa: tofauti utakayoiona huenda ni ya vijiji vyenyewe.

Wakati wa kuchambua, kama vijiji ni vichache, tafuta wastani wa kila kijiji na ulinganishe hizo wastani. Andika uamuzi huo kwenye itifaki mapema.

Tena, andikisha washiriki kwanza, kura baadaye. Mwandikishaji anayejua kijiji kipi kimepata dawa atawavuta wagonjwa huko bila hata kukusudia, na hakuna hesabu itakayouondoa upendeleo huo kwa uhakika.