Kukanusha na Kuuliza kwa Kiingereza: Kosa Linaanzia Wapi?

Najua mtashangaa mbona mwanachama wa Chama cha Kiswahili anaandika juu ya Kiingereza. Ngojeni kwanza niwasimulie.

Nikiwa kidato cha kwanza, mwalimu mmoja aliniuliza, "Didn't you bring your book?" Kitabu nilikuwa nimekisahau nyumbani. Nikajibu kwa adabu, "Yes." Akauliza, "Where is it?" Nikabaki kimya. Darasa zima likacheka, nami nikaadhibiwa kwa kusema uongo. Kumbe sikudanganya! Nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili: "Hukuleta kitabu?" "Ndiyo, sikuleta." Kwetu sisi, "ndiyo" hukubaliana na maneno ya anayeuliza. Katika Kiingereza, "yes" na "no" hufuata tendo lenyewe. Ikiwa umeleta, sema "Yes, I did." Ikiwa hukuleta, sema "No, I didn't," hata swali liulizwe namna gani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza makosa yetu. Haya hapa matatu.

1. KUKANUSHA. Tazama sentensi hii: "She sells bananas at Keroka." Ukitaka kuikanusha, lete kitenzi kisaidizi: "She does not sell bananas at Keroka." Mnaona? Ile "s" ya "sells" imehamia kwenye "does". Vivyo hivyo, "He went to Nyamira" huwa "He did not go to Nyamira." Lakini wengi wetu tunasema ati "He did not went." Je, umewahi kumsikia mtu akisema "hakulienda"? Hata kidogo! Tunasema "alienda", halafu "hakuenda". "Li" imetoka, "ku" imeingia. Basi lugha zote mbili zinafanana hapa: wakati huonyeshwa mara moja tu.

2. KUULIZA. Katika Kiswahili, sauti peke yake inatosha: "Alienda Nyamira?" Kiingereza hutanguliza kisaidizi: "Did he go to Nyamira?" Tena, sisi huweka neno la kuuliza mwisho: "Unaenda wapi?" Ndiyo maana tunasema "You are going where?" Sahihi ni "Where are you going?"

3. VITENZI VINAVYOJITEGEMEA. "Is", "are", "was", "can" na "will" havihitaji "do". Kwa mfano: "The tea is hot." "The tea is not hot." "Is the tea hot?" Ukikanusha, ongeza "not" baada yake; ukiuliza, kilete mbele. Basi, hakuna zaidi.

ZOEZI. Kanusha kila sentensi, kisha uigeuze iwe swali:
(a) They pick tea every day.
(b) Moraa came by matatu.
(c) You can swim.

Ukimaliza, mpelekee mwalimu wako wa Kiingereza akusahihishie. Usiogope kuchekwa. Ukijua Kiswahili chako vizuri, utajua pia ni wapi kinakuvuta unapozungumza Kiingereza.

Wahenga walinena: kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kukosea jibu si uongo.