Mume wangu anakosa pumzi usiku

SWALI: Mume wangu ana ugonjwa sugu wa mapafu, umeshamzidi. Usiku hubanwa mpaka nachanganyikiwa. Nimsaidieje nyumbani?
Mama S., Gasenyi, Bujumbura

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Akibanwa, usimlaze chali. Mketishe ainame mbele, viwiko juu ya mto mezani. Avute hewa kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Mpepee usoni, upepo wa puani na mashavuni hupunguza hisia ya kukosa hewa.

Jiko la mkaa likae nje, mbali na dirisha lake. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo lililojaa hubana mapafu.

Kama ameandikiwa oksijeni, usiongeze kipimo kwa kumhurumia: kwa wagonjwa wengi wa aina hii, oksijeni ya damu hulengwa iwe asilimia 88 hadi 92, na ikizidi yaweza kumdhuru. Moto na sigara visisogee karibu.

Midomo ikigeuka bluu, akishindwa kumaliza sentensi, au akisinzia ovyo, mkimbizeni hospitali. Ya Chuo Kikuu, Kamenge, haiko mbali nanyi.

Nawe upate usingizi: pangeni zamu na watoto au jamaa.